Dar mpaka Moshi na watoto wadogo: jinsi ya kufika mkiwa bado mnaongea

Desemba ikifika nusu ya Dar inahamia Kilimanjaro, hilo halina ubishi. Na sisi tumo kwenye huo msafara, maana mimi ni mtu wa Mbagala ila nimeolewa Kibosho, na mama mkwe wangu hataki kusikia habari ya "mwaka huu tumebanwa". Tuna watoto watatu, mkubwa miaka 6, wa kati 3, mdogo miezi 9. Barabara hii nimeijua kwa kutapikiwa.

Safari ya kwanza tulitoka saa 8 usiku kwa sababu kila tuliyemuuliza alisema tokeni usiku watoto watalala. Walilala kweli, mpaka Mlandizi. Kuanzia hapo mmoja analia anataka maji, mwingine anataka kukojoa, baba watoto anasinzia kwenye usukani na hataki kukubali kwamba anasinzia, mi nimebeba mtoto mapajani kama mzigo wa mchele. Tulifika saa 11 jioni hatusemeshani. Bibi yao akauliza "mmegombana?" tukasema hapana, tumechoka tu.

Tangu siku ile nikajua kosa letu lilikuwa wapi: tulipanga safari kwa kilomita, wakati ukiwa na watoto safari inapangwa kwa kibofu na tumbo. Haya twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Amua, siku moja au mbili

Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 550 na ushee. Dar mpaka Chalinze kama 105, halafu unakata kulia kwenda Segera, ukifika Segera umeshakula kama 245, Korogwe iko kwenye 280 hivi. Sasa angalia vizuri, Korogwe ni kama nusu ya njia! Yani Mungu ameiweka pale makusudi kwa ajili ya wenye watoto.

Hesabu yangu ya muda iko hivi: chukua masaa unayopewa na ramani ya simu, ongeza theluthi, halafu ongeza nusu saa kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Kama simu inasema masaa 9, basi ongeza 3, ongeza saa 1 kwa wawili wangu wadogo, tayari 13. Jibu likizidi 11 mi nalala njiani. Baba watoto anasema hii hesabu nimeitunga mwenyewe na ni kweli nimeitunga, ila haijawahi kunidanganya.

Ukiwa na kichanga sababu ya kulala njiani ni nyingine pia, mtoto mchanga hatakiwi kukaa kwenye kiti chake cha gari zaidi ya kama masaa 2 mfululizo, anatakiwa atolewe, anyooshwe, alazwe chali kidogo. Ukijumlisha hivyo vituo vyote siku inaisha.

Pa kulala mi nasema Korogwe au Mombo. Piga simu gesti mapema, wiki 2 kabla, maana kuanzia tarehe 20 Desemba vyumba vinagombaniwa na ukifika saa 1 usiku na watoto 3 utapangiwa chumba kilicho juu ya baa. Uliza maswali matatu tu: kuna chandarua, kuna maji ya moto, gari inalala ndani ya geti? Mi chandarua cha mtoto nabeba changu, cha gesti mara nyingi kina tundu la kupitisha mkono.

Kuna watu watakwambia pandeni Lushoto mkalale kwenye baridi. Pazuri sana, sikatai. Ila Mombo kwenda Lushoto ni kona juu ya kona, kama kilomita 33, na kesho yake unazishuka zilezile. Kama una mtoto anayetapika, Lushoto iache kwa safari yake.

Hatua ya 2: Gari, wiki 2 kabla sio jana yake

Jana yake mafundi wote wamejaa, kila Mchaga yuko gereji. Na fundi akigundua kitu jana yake atakibandika tu ili uondoke.

Vitu vya kuangalia ni vile vya kawaida, oili, maji ya rejeta, breki, wipa (Desemba vuli inaweza ikawa bado inanyesha), taa zote, betri. Mwaka mmoja gari ilichemka kabla ya Hedaru, saa 7 mchana, jua hilo, kisa kijipaipu cha maji kilichopasuka ambacho fundi alisema "hiki kinafika tu mama". Hakikufika. Tulikaa chini ya mgunga masaa 2 na nusu na ndio maana sasa hivi nabeba lita 10 za maji ambazo sio za kunywa, na rejeta ikichemka usifungue kifuniko mpaka ipoe kabisa, itakuunguza uso.

Matairi ndo naomba usikilize. Usiangalie kashata (yale meno ya tairi) peke yake, angalia umri. Ubavuni kuna namba nne kwenye kiduara, mfano 0821, maana yake lilitengenezwa wiki ya 8 mwaka 2021. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na kashata nzuri kabisa kumbe zimezeeka, zikipata joto la kule Same na gari imejaa watu na mizigo zinapasuka. Upepo pima asubuhi gari ikiwa baridi, kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na mara nyingi kuna kipimo tofauti cha gari ikiwa imebeba. Spea nayo ijazwe. Wangapi hapa mmewahi kushusha spea mkakuta nayo imelala?

Mafuta, kama una Noah au gari ya size hiyo weka makadirio ya lita moja kwa kilomita 10, ukiwasha AC na mzigo juu itashuka. Yani kama lita 55 mpaka 60 kwenda tu. Bei mpya EWURA wanatangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bajeti ya mafuta ifanye baada ya hapo.

Mwisho kagua kama gari ina deni la faini za trafiki na ulipe kabla, kuliko kukumbushwa Kabuku watoto wakiwa wanalia. Pembetatu za kuakisi na mtungi wa moto viwemo, na mtungi uwe haujaisha muda.

Hatua ya 3: Viti na nani anakaa wapi

Najua sisi tumezoea kupakata. Na mimi nilipakata. Ila fikiria gari inakwenda 80 halafu inasimama ghafla, mikono yako haina nguvu za kumshika mtoto wa kilo 9, anakuponyoka kama sabuni. Mkanda ukiupitisha wewe na yeye pamoja ndo mbaya zaidi, unamkandamiza kwa uzito wako.

Kiti cha mtoto cha gari siku hizi mitumba ipo, hata wa mtandaoni wanauza. Ukinunua cha mtumba angalia kisiwe na ufa, mikanda isiwe imechanika, na uliza kama kilishakuwepo kwenye ajali, japo muuzaji hatakwambia. Mdogo wa chini ya mwaka akae akitazama nyuma ya gari. Na kiti cha kutazama nyuma USIKIWEKE siti ya mbele yenye eabegi, ile ikifumuka inapiga kiti chenyewe na mtoto. Wote wakae nyuma, mjadala umefungwa. Wa miaka 6 anapandishwa na kiti cha kuinulia ili mkanda upite begani na kwenye nyonga, sio shingoni na tumboni.

Loki za watoto za milango ya nyuma, kile kiswichi kidogo pembeni ya mlango, weka kabla ya kutoka. Wa kati wangu aliwahi kufungua mlango tukiwa tumesimama foleni Kibaha, kwa utulivu kabisa, eti anamfuata muuza korosho.

Halafu jua. Ukielekea Moshi, mchana likishageuka linapiga upande wa kushoto, kwa hiyo kichanga muweke kulia au funga khanga kwenye dirisha lake. Milima ya Usambara na Upare nayo yote iko kulia, mwenye kuuliza maswali mengi akae huko.

Hatua ya 4: Matapishi

Hii inastahili hatua yake peke yake.

Watoto wa chini ya miaka 2 mara nyingi hawasumbuliwi sana na gari, shida inaanza hapo na kuendelea mpaka kwenye 12 hivi. Macho yakiangalia kitu kilichotulia ndani ya gari huku mwili unahisi unatikiswa, ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Kwa hiyo simu na tableti kwa mtoto anayetapika ni kumtafutia balaa. Aangalie nje, mbele, mbali. Dirisha wazi kidogo. Ile manukato ya kuning'iniza kwenye kioo itoe, ile harufu ya strobberi ndo inamaliza watu.

Asubuhi asile vitu vya mafuta na maziwa, ila pia asiondoke na tumbo tupu, tumbo tupu nalo linatapika. Wangu nampa mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha na maji kidogo kidogo. Dawa za kuzuia kutapika zipo famasi lakini uliza kwa umri na uzito wa mtoto, promethazine kwa mfano haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Na ukipewa dawa ijaribu nyumbani wiki moja kabla, kuna watoto inawalaza na kuna ambao inawapandisha kichaa, wangu wa kwanza aliimba kutoka Msata mpaka Mkata bila kupumzika.

Zamani tulikuwa tunabeba mifuko ya rambo, ila tangu 1 Juni 2019 imepigwa marufuku, so beba kopo la aiskrimu lenye kifuniko, moja kwa kila mtoto, ndani weka tishu. Anatapikia, unafunika, unamwaga kituoni. Hii ni akili kubwa kuliko zote nilizowahi kupata maishani. Waipsi, nguo moja ya kila mtoto kwenye begi la mkononi (sio kwenye buti chini ya mizigo yote!!), na blauzi yako wewe mama, maana ukishapakwa hutakumbukwa na mtu.

Hatua ya 5: Chakula, maji na kuchimba dawa

Usitegemee hoteli za njiani kwa mtoto wa miaka 3. Zipo na chakula kipo ila mabasi yakishaingia unasubiri, na chipsi zimekaa kwenye kioo tangu lini hujui. Mi natoka na chapati kavu, mayai ya kuchemsha, ndizi, karoti, uji wa mdogo kwenye chupa ya chai. Mayai yaliwe kabla ya saa 5 asubuhi, baada ya hapo joto la gari linaharibu. Juisi za boksi na biskuti za krimu ficha, ni za kituo cha mwisho. Sukari asubuhi ni vita mchana.

Ukipitia Bagamoyo kwenda Msata badala ya Chalinze (nzuri kama mnakaa Tegeta, Bunju, huko) utapita Kiwangwa, mananasi yake nadhani unayajua. Nunua wakati wa kurudi. Ukinunua wakati wa kwenda gari yote itanuka nanasi mpaka Himo na juisi itavuja kwenye siti.

Maji wape kidogo kidogo kila mara, usiwanyime eti wasikojoe, joto la kuanzia Mombo mpaka Same sio la mchezo na mtoto anakauka haraka. Beba ORS, fuata vipimo vya kwenye pakiti, na usitie sukari yako.

Simama kila masaa 2, hata kama wamelala. Hapo baba watoto ananiambia wewe mama wakilala si ndo tuvute? Hapana. Tukivuta wanaamka wote pamoja pale ambapo hakuna hata mti. Simama kwenye sheli kubwa au hoteli yenye vyoo, na dereva ashuke, atembee.

Na kipoti kibebeni jamani. Mtoto wa miaka 3 akisema kojo ana dakika moja na nusu. Kuchimba dawa porini inawezekana lakini tafuta sehemu pana, gari itoke kabisa barabarani, hazadi ziwashwe, mtoto ashukie upande wa kushoto tu, na usimuingize kwenye nyasi ndefu, nyoka wapo na mkonge una miba. Kipoti unakiweka pale pale pembeni ya gari, kazi imeisha.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Toka saa 11 alfajiri. Sio saa 8. Saa 8 dereva mwili wake unataka kulala hata kama alilala mchana, na tangu Oktoba 2023 mabasi nayo yanaruhusiwa usiku kwa hiyo lile wazo la "usiku barabara ni yetu" limekwisha, mnagawana na malori na mabasi. Saa 11 unatoka Kimara na Kibaha kabla foleni haijakaza, jua linakukuta njiani, watoto bado wana usingizi wa asubuhi.

Mizigo pakia usiku, gari ijaze mafuta usiku, watoto walaze na nguo watakazosafiria. Asubuhi unawabeba tu kama magunia.

Kwenye makazi ni 50. Vibao vinaanza ghafla na tochi ya trafiki inakungoja mbele ya kibao. Hapo sio tu habari ya faini ya 30,000, ni watoto wa wenzako wanavuka kwenda shule na wamama wanauza machungwa kandokando. Aliyekaa mbele na dereva kazi yake ni kutaja vibao kwa sauti, wangu wa miaka 6 ndo kaichukua hiyo kazi akiwa siti ya nyuma na hana huruma, "baba hamsini! BABA HAMSINI!"

Mkipata hitilafu: gari pembeni, hazadi, pembetatu mbele na nyuma kwa mbali, watu wote watoke wakae mbali na lami, sio ndani ya gari. Dharura ni 112, zimamoto 114. Na usimwache mtoto ndani ya gari iliyozimwa hata dakika 5 ukienda kununua soda, joto linapanda upesi kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 7: Kuwafanya wasiulize "tumefika?"

Watauliza. Ila unaweza kupunguza.

Gawa njia vipande na kila kipande kina jina na kazi yake. Chalinze mpaka Wami: nani atakuwa wa kwanza kuona mto. Segera mpaka Mombo: kuhesabu mashamba ya mkonge, na hapo unawaeleza kamba inatoka wapi. Mombo mpaka Same: milima, na nyani. Same mpaka Mwanga: mibuyu, aliyeona mnene kuliko wote anapewa biskuti ya krimu (ndo ile uliyoficha). Vitendawili navyo vinakula kilomita nyingi kuliko katuni. Mwanangu wa kati anatega kitendawili chake mwenyewe, "nyumba yangu haina mlango", jibu linabadilika kila mara, siku ya kwanza lilikuwa yai, sasa hivi tumefika kwenye "tembo".

Mlima wenyewe usiwaahidi. Kilimanjaro ina mita 5,895 na bado inajificha, saa za mchana mara nyingi imefunikwa na mawingu, inaonekana vizuri alfajiri na jioni. Mi nawaambia "mlima umelala, kesho asubuhi tutaukuta kwa bibi umeamka". Mwaka ambao niliahidi tutauona Mwanga nilipigiwa kelele mpaka Himo.

Hatua ya 8: Kufika, na buti

Ukiulizwa kwenye simu "mko wapi" usitaje saa ya kufika. Sema mmepita Same. Ukisema saa 9 mama mkwe ataivisha saa 9, na saa 10 atakuwa barabarani na tochi japo bado jua linawaka.

Sweta za watoto ziwe juu kabisa ya begi. Moshi mjini mnaweza mkawa mnatoka jasho, mkipanda juu kule Kibosho au Machame jioni inapoa, na watoto wa Dar hawajui baridi, wanakohoa siku hiyohiyo.

Na wakati wa kwenda acha nafasi kwenye buti, robo nzima. Utarudishwa na mkungu wa ndizi, parachichi, maharage, na mwaka juzi jogoo mzima. Huwezi kukataa. Jogoo anakaa kwenye boksi lenye matundu, nyuma kabisa, sio miguuni kwa watoto, na mkisimama Same anapewa maji na yeye, ila boksi lifungueni milango ya gari ikiwa imefungwa. Sisi tulifungua milango ikiwa wazi.